Kunde Iliyoota Kinywani mwa Mshika Maneno

Nchi ya Palepale haimo katika ramani yoyote, na mimi niliyefika huko sina hamu ya kumwelekeza mtu njia. Anayetaka kwenda na apotee kama nilivyopotea mimi. Kazi yangu ni kung'oa meno. Nimechungulia vinywa vya wakubwa na vya wadogo, vya waungwana na vya walevi, na naapa sijawahi kuona nchi nzima ikikaa ndani ya kinywa cha mtu mmoja, isipokuwa hiyo.

Kilichoniudhi kwanza ni chakula. Pale langoni askari alinusa mkoba wangu, akatoa kichupa changu cha pilipili manga kwa ncha za vidole, akakizika. Nilipouliza kosa langu, akanijibu kwa upole kwamba pilipili huleta chafya, na chafya ikimfikia Mshika Maneno nchi itakwenda na maji. Basi nikala wali mweupe na mchuzi usio na habari yoyote. Hata kufagia barabarani kulikuwa marufuku, kwa ajili ya vumbi. Jamani, mji mzuri vile, na taka zimejaa hadi kwenye vifundo vya miguu!

Aliyenifafanulia mambo ni Bi Sikudhani, sheha wa kijiji kiitwacho Bonde la Vyura. Tulikutana kwenye foleni, kwa kuwa hata mgeni sharti aandikishwe. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na siku ile alikuwa amevimba kwa hasira.

"Unauona ukuta ule, fundi?" akaniambia. "Ule ndio Ukuta wa Makazi. Kila mtu wa nchi hii amechorwa pale, jina lake na anapokaa. Ukuta ukisema unakaa mahali, basi unakaa hapo. Maji ya kunywa yataletwa hapo, daktari atakuja hapo, na ukifa utaliliwa hapo."

"Na mtu akihama?"

"Ndiyo maana tumepanga foleni, baba."

Chini ya ukuta, juu ya kigoda, alikaa Bwana Shaame, Mshika Maneno wa nchi. Mbele yake pametandikwa mkeka, na pembeni pana kapu la kunde. Desturi yao ni hii. Mwenye jambo hupanda mkekani na kusema anachotaka kibadilishwe. Kwa kila kitu akitajacho, Bwana Shaame hujitia kunde moja shavuni, kusudi asisahau. Mwenye jambo akimaliza, humpiga Bwana Shaame kofi moja la mgongo kwa mkono wake mwenyewe, na kofi hilo ndilo sheria: hapo jambo limekwisha kuwa. Kisha Bwana Shaame hutema kwenye beseni, kunde moja, neno moja, na mchoraji aliye juu ya ngazi huchora ukutani yale anayoyasikia.

Nikauliza, kwani kuuliza si ujinga, kwa nini wasiandike kwanza kwenye karatasi. Foleni nzima ikanigeukia kwa huruma.

"Karatasi inachelewesha," akasema karani mmoja. "Zamani tuliandika. Bibi harusi alikuwa akingoja wino ukauke hadi bwana harusi anabadili mawazo. Leo hakuna nchi inayotushinda kwa kasi."

Sheria nyingine ilinipendeza zaidi, na hii nasema bila kejeli. Hapo kale mzee mmoja alikuwa akihama, Mshika Maneno wa enzi hizo akapaliwa katikati ya kazi. Mzee amekwisha kufutwa nyumba ya zamani, hajachorwa nyumba mpya. Akaishi bila mahali hadi mwisho wake, na hata maiti yake ilikaa barabarani, maana haikujulikana itokee mlango gani. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba jambo ama liwe lote, ama lisiwe kabisa. Kunde zikimwagika kabla ya kofi, kila kitu kinarudi kilivyokuwa, na watu wote waliopo hupaza sauti: "Palepale!"

Na hilo ndilo lililokuwa limemvimbisha Bi Sikudhani. Mto ulikuwa umehama kitanda chake na kulala juu ya Bonde la Vyura. Watu wake wakakimbilia kilimani na vyungu vyao, wakajenga vibanda, wakashukuru kuwa hai. Lakini ukutani walikuwa bado bondeni. Wachukuzi wa maji ya kunywa walikuwa wakiyaleta kila siku na kuyamimina mtoni, kwenye anwani ile ile. Mwalimu wa kijiji alifundisha akiwa juu ya mti. Na mkunga, aliyeapishwa kwenda tu mahali ukuta unapomtuma, alikuwa tayari kuja na mtumbwi.

Kumtaja mkunga kulikuwa na maana yake. Mwatime, binti wa pekee wa Bi Sikudhani, alikuwa na mimba iliyokomaa.

"Mtoto akizaliwa leo," Bi Sikudhani akaniambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua, "ataandikwa kazaliwa mahali ukuta ulipomweka mama yake. Na mahali hapo ni ndani ya maji. Sheria iko wazi, anayezaliwa ndani ya maji ni samaki."

Nikadhani ananitania.

"Samaki, fundi! Hatasoma shule, hatarithi, hataoa. Afisa wa Uvuvi alikwisha kuja kumpima mwanangu tumbo, kaja na wavu. Eti anataka kujua kama matundu yatatosha!"

Zamu yake ikafika. Akapanda mkekani na kuanza kuwataja watu wake. Kwa kila mmoja zilikwenda kunde tatu: ya jina, ya anakotoka na ya anakokwenda, maana Mshika Maneno lazima akumbuke hata pa kurudi mambo yakiharibika. Shavu la kushoto la Bwana Shaame likaanza kutuna. Likatuna likawa kama andazi. Bi Sikudhani alikuwa hajafika hata nusu ya kijiji pale Bwana Shaame alipotoa macho, akaguna, na kunde zikaruka kama mvua ya mawe hadi kwenye masikio ya karani.

"Palepale!" wakapaza sauti.

Na kwa kuwa kila kitu sharti kirudi kilivyokuwa, watu wa kijiji waliokuja kushuhudia wakaamriwa kwenda kusimama mtoni, maji yakiwafika magotini, kwa muda wa heshima. Wakaenda. Nilimwona Mwatime akiingia majini huku ameshika kiuno, na moyo ukaniuma kweli, maana mimi si jiwe.

Haikuwa mara ya kwanza kwa jambo lile kuanguka, ndiyo maana serikali ilikuwa imeunda Kamati ya Uchunguzi wa Kinywa. Nami, kwa sababu ya mkoba wangu wa koleo na vioo, nikaitwa nikae nao kama mtaalamu. Mwenyekiti alikuwa Jaji Vuai, mzee mwembamba aliyekuwa akifumba macho ili asikilize vizuri, na mara nyingine akakoroma.

Wajumbe waliripoti waliyokwisha kuyafanya. Kwanza walikuwa wameurefusha ukuta, kazi kubwa sana, na wakapigiana makofi kwa hilo. Nikasema ukuta haukuwa umejaa, kilichojaa ni kinywa. Wakaniambia mgeni asivunje moyo wa watu. Pili, walikuwa wakimkanda Bwana Shaame mashavu kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, ili yalainike. Tatu, walikuwa wamemwomba Bi Sikudhani apunguze watu.

"Nimpunguze nani?" akafoka kutoka mlangoni. "Nianze na wewe?"

Kisha ukaanza mjadala wa nafaka, na hapo nikajua nimefika kweli ugenini. Chama cha Kunde kilisema wazee walitumia kunde na kunde zitaendelea. Chama cha Choroko kilisema dunia imebadilika, choroko ni ndogo, kwa hiyo watu wengi zaidi wataingia shavuni. Akasimama kijana mmoja msomi akapendekeza ufuta. Mzee mmoja akalia machozi, akasema yeye alihamishwa kwa kunde, akaozwa kwa kunde, na hatakubali wajukuu wake washikwe kwa kitu kinachopeperuka. Mwingine akashauri majina yafupishwe, Sikudhani aitwe Si.

"Nikuite wewe nini basi?" akauliza Bi Sikudhani. "Maana hata nusu ya jina ni nyingi kwako."

Nikauliza swali ambalo fundi yeyote wa meno angeuliza: mgonjwa mwenyewe anasemaje? Wakanieleza kwamba Mshika Maneno haruhusiwi kusema hata neno moja la kwake. Husema ya watu tu. Lakini ni kweli kwamba tangu siku nyingi amekuwa akijishika shavu la kulia na kuguna. Wakati mwingine hulia. Uji wake huunywa kwa mrija, upande wa kushoto. Kamati ilikwisha kulijadili hilo na kuliita jino.

"Na mmemtazama?"

Kumchungulia Mshika Maneno kinywani, wakaniambia, ni utovu wa adabu mkubwa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikawaambia mficha maradhi, kifo humuumbua, na kama mliniita kwa ajili ya jino basi jino litatazamwa, adabu au hakuna adabu. Jaji Vuai akazinduka na kusema, "Atazamwe." Nadhani alikuwa akiota jambo jingine, lakini amri ni amri.

Tukaenda ukutani. Bwana Shaame aliponiona na kioo akaachama haraka sana, na machozi yakamtoka. Shavu la kushoto lilikuwa tupu, safi, linateleza kwa mafuta ya nazi. Nikageuza kioo upande wa kulia. Lo! Kunde zimepangwa kutoka gego la mwisho hadi kwenye kona ya mdomo, zimebanana, na ile ya ndani kabisa ilikuwa imeota. Nasema imeota! Imetoa kijani chake, jani moja limejikunja kwenye ufizi kama linatafuta jua.

"Hizi za nani?" nikauliza.

Nikarudia kwa sauti kubwa. Nchi hii ina mashavu mawili na inatumia moja, nikasema. Mna jambo la mtu humu lililoanzwa na halijapigwa kofi, na mtu huyo amelikalia shavu zima. Huwezi kulitema kabla hajalifunga. Mngerefusha ukuta hadi mwisho wa dunia, na mngetumia hata vumbi badala ya ufuta, nusu ya kinywa ingebaki ya huyo huyo.

"Ni zangu," ikasema sauti nzito. "Kuna tatizo?"

Alikuwa Mheshimiwa Ngwali, waziri wa mambo yote ambayo hayana waziri. Alikuja na kanzu yenye mkia unaobebwa na mtu mwingine. Zamani sana, siku alipopewa cheo, alipanda mkekani ili cheo na sifa zake vichorwe ukutani mbele ya jina lake. Akataja moja, akataja mbili, kisha akashuka kwenda kufikiria nyingine. Tangu siku hiyo hurudi kila anapojisikia vizuri, anaongeza sifa, anashuka. Kofi hajapiga.

"Sijapata ile ya mwisho," akatueleza bila haya. "Sifa ya mwisho ndiyo inayobaki masikioni mwa watu. Siwezi kuikurupukia."

"Basi lifute jambo lako, uanze upya baadaye," nikasema.

Akacheka. Kulifuta maana yake ni kurudi palepale, alivyokuwa kabla ya kupanda mkekani, na kabla ya hapo ukuta ulimtaja kuwa msaidizi wa mchunga mbuzi. Nilimwelewa. Sikumpenda, lakini nilimwelewa.

Bi Sikudhani akamsogelea. Alijaribu kwanza kwa adabu, na niliona adabu ile ilivyomgharimu. "Mheshimiwa, baba yangu, nakuomba. Binti yangu yu karibu kujifungua. Funga jambo lako hilo, lipige kofi, wewe utachorwa na sisi tutahama. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, ndiyo hayo, mjukuu wangu atavuliwa!"

"Samaki ni kitoweo cha heshima," akasema Mheshimiwa Ngwali.

Haki ya Mungu, kama ningekuwa na koleo mkononi wakati ule, leo ningekuwa nasimulia habari za gerezani.

Papo hapo akaja mwanamke wa kilimani anakimbia, khanga imemdondoka begani, anaita tangu mbali kwamba Mwatime ameshikwa na uchungu. Mkunga alikuwa amesimama pale pale chini ya ukuta, mkoba wake wa dawa begani na kasia mkononi. Akatazama juu ukutani, akasoma "Bonde la Vyura", akaanza kuelekea mtoni. Afisa wa Uvuvi naye akaanza kukunjua wavu.

Nadhani ni ule msukosuko uliompa Mheshimiwa Ngwali msisimko. Akapaza mkono. "Nyamazeni! Imenijia sifa!" Akapanda mkekani, akavuta pumzi, akasema, "Mwavuli wa Wanyonge." Bwana Shaame, huku chozi linamtiririka, akaisukuma kunde nyingine kwenye shavu la kulia. Mheshimiwa akaonja maneno yake mdomoni, akatikisa kichwa. Uso wake ulisema nzuri, lakini si ya mwisho. Akageuka ashuke.

Hakushuka. Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kupanda nyuma yake na kumkamata kifundo cha mkono.

"Niachie mkono we mama!" akapiga kelele Mheshimiwa.

Naye Bwana Shaame, kwa sababu kila neno la mwenye jambo likisemwa mkekani ni sehemu ya jambo, akachukua kunde moja zaidi, akaitia shavuni kwa utulivu mkubwa. Bi Sikudhani akauinua mkono ule, akaurudisha nyuma, akaushusha kwa nguvu zote kwenye mgongo wa Bwana Shaame. Paa! Sijapata kusikia kofi tamu kama lile.

Mheshimiwa Ngwali akaruka juu akidai ni batili. Watu wakamgeukia Jaji Vuai, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Sheria inataka mkono wa mwenye jambo," akasema polepole. "Mkono ule ni wa nani?"

"Ni wangu, lakini aliyeusukuma..."

"Sijauliza nani aliusukuma. Kila mkono unasukumwa na kitu. Umegusa mgongo?"

"Umegusa," tukaitika sote.

"Jambo limefungwa. Temea mbali, Bwana Shaame."

Bwana Shaame akatema. Kunde moja, sifa moja: Mwamba wa Milima, Jogoo wa Alfajiri Zote, Kisima Kisichokauka, na mchoraji juu ya ngazi anachora. Bi Sikudhani alikuwa anarukaruka kwa miguu yote miwili. "Harakisha, baba, harakisha!" Sifa zilikuwa hazina mwisho. Lakini zilikwisha, na Bwana Shaame alipotema ile iliyoota, nikaona mashavu yake yote mawili yamelegea kwa pamoja, akajipapasa kama asiyeamini kuwa ni ya kwake.

Hapo Bi Sikudhani akaanza. Sijui aliwataja watu wake kwa pumzi gani, maana sikumwona akivuta hewa. Shavu la kushoto likajaa, Bwana Shaame akahamia la kulia. Afisa wa Uvuvi ameshika wavu wake, mkunga ameshika kasia, na mimi nimeshika kapu la kunde nikimsogezea Bwana Shaame kama mpishi wa harusi. Mwatime akatajwa wa mwisho: jina, anakotoka, anakokwenda. Mashavu yalikuwa yametuna mpaka macho hayaonekani. Hayakupasuka. Bi Sikudhani akamzaba kofi la mgongo, na mkunga, aliyejua kwamba hesabu ni kofi na wala si rangi ya ukutani, akatupa kasia na kukimbilia kilimani kabla kunde ya kwanza haijagusa beseni.

Tulimfuata. Tulipofika karibu na kibanda cha Mwatime tukasikia ndani kofi jingine, dogo, jepesi, la kiganja cha mkunga kwenye mgongo mdogo. Kisha mtoto akalia. Bi Sikudhani alikaa chini mavumbini na kulia naye, kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto, na mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Kamati ilitoa taarifa yake baadaye. Ilisema tatizo lilitatuliwa kwa mafuta ya nazi, na ikashauri ukuta urefushwe tena. Jaji Vuai peke yake aliongeza sheria ndogo, kwamba hakuna atakayeshuka mkekani kabla ya kupiga kofi. Kuhusu Mheshimiwa Ngwali, ukuta ulikuwa umekwisha kusema, na ukuta ukisema ndivyo ilivyo. Angeweza kupanda mkekani aombe marekebisho, lakini kila alipoukaribia, Bwana Shaame alifumba mdomo na kutazama angani.

Nilikaa hadi siku ya kumpa mtoto jina. Kilimani kulipikwa ubwabwa, na ule wavu wa Afisa wa Uvuvi ulikuwa umefungwa kati ya nguzo mbili ukawa bembea ya mtoto. Mheshimiwa naye alialikwa, maana heshima ni heshima. Mpiga mbiu akatangulia mbele yake, kama sheria inavyotaka, na kutangaza jina lake kamili kwa watu wote.

"Anaingia Mheshimiwa Ngwali, Mwamba wa Milima, Jogoo wa Alfajiri Zote, Kisima Kisichokauka, Mwavuli wa Wanyonge, Niachie Mkono We Mama!"

Bi Sikudhani akainuka, mjukuu kifuani, akampokea kwa unyenyekevu wote.

"Nimekuachia, baba. Karibu ubwabwa."